Ramani 14 kwenye simu, boti hata moja

SWALI

Shikamoo Mjomba Tezo. Mi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, miaka 41, nina mke na watoto wawili, wa kike 13 wa kiume 9. Tunakaa upande wa Raskazone, kutoka getini kwetu mpaka kwenye mchanga ni kama mita 600. Nimekulia bara, hata kuogelea nimejifunza ukubwani, ila tangu nihamie huku kila nikiona ngalawa zinarudi jioni na tanga limejaa upepo roho yangu inaenda nazo, na watoto nimeshawaambukiza. Mwaka jana nikasema sinunui, naunda mwenyewe, kiboti kidogo cha tanga, hapa hapa uani, Jumamosi kwa Jumamosi.

Shida ikaanzia hapo. Nilianza na ramani ya Optimist manake kila mtu anasema ndo ya watoto, nikaipenda, siku tatu mbele nikaona Mirror yenye matanga mekundu nikasema kumbe hii ndo yenyewe, familia inaingia, wiki iliyofuata nikakutana na Goat Island Skiff, Mjomba we acha tu, nimeiweka kwenye skrini ya simu mpaka mke wangu akaniuliza huyu ndo nani. Hapo bado kuna GP14, kuna Puddle Duck ambayo ni kama beseni la kufulia, na nyingine hata majina nimesahau. Jumla nina ramani 14, zingine za bure zingine nimelipia, na sijakata hata ubao mmoja. Miezi saba! Nikikaribia kuamua naangalia video moja ya mwisho af naanza upya.

Jirani yangu mmoja ni mzee fundi wa ngalawa. Nilimwonyesha jinsi Mirror inavyoshonwa kwa waya wa shaba kabla ya kutiwa gundi, akacheka mpaka akakaa chini, akasema mwalimu boti la kushonwa kama kanzu utaenda kumzamisha mtoto, nunua ngalawa yangu ile pale. Mke wangu yeye hajakataa, anachouliza ni kimoja tu, ikishaisha itakaa wapi, manake uani kuna kamba za nguo na banda la kuku, na geti letu upana wake ni mita 1 na sentimita 10. Nimetenga milioni 2 na nusu. Zana ninazo za kawaida, msumeno, randa, drili ya umeme na klampu nne. Boti sijawahi kuunda ila vitanda na meza za nyumba hii nimetengeneza mwenyewe.

Nichague ipi Mjomba? Na yule mzee nimsikilize au nimpotezee?

Mwalimu Asiyekata Mbao, Tanga


JIBU

Marahaba mwalimu, na umsalimie mama watoto, manake katika barua nzima yeye ndo ameuliza swali la maana kuliko wewe na mzee wote. Nitamrudia.

Ramani 14 wala sio nyingi, mi nilifika 20 na ushee kabla simu haijajaa. Tena mimi niliamua, hilo ndo lilikuwa kosa, niliamua kwa picha. Nilichagua boti ya mita 4 na nusu, pua kali, mbavu zimepinda vizuri, nikaiunda kwa mbao nene kwa sababu nilidhani nene ndo imara, ikatoka na uzito ambao sijawahi kuupima ila ilihitaji vijana sita kuifikisha majini na vijana sita maana yake ni soda sita kwenda na soda sita kurudi. Mwezi wa kwanza tukaenda mara nne. Wa pili mara moja. Wa tatu kuku wa jirani akaingia chini ya kiti cha nyuma akatagia humo, nilihesabu mayai tisa, na sikumfukuza, manake angalau kulikuwa na mtu anaitumia ile boti.

Kwa hiyo kabla hujafungua PDF nyingine yoyote fanya jambo moja. Nenda duka la hadwea kanunue mfuko wa saruji, ule wa kilo 50, utakuja kuutumia kwenye banda la kuku usiogope. Wewe na binti yako mshike huku na huku, mtoke nao getini mpaka mchangani, mita 600, saa nane mchana siku ya jua. Halafu mrudi nao. Mkifika hamuongei na mtu, basi hapo umeshajua nusu ya jibu, manake boti yoyote ya kuunda nyumbani unaweza kuipima kwa mifuko ya saruji na ukaacha kuhangaika na picha.

Tuzipime basi. Optimist ganda lake, yaani boti tupu bila mlingoti na tanga, ni kilo 35, mfuko ambao haujajaa. Mirror ni kama kilo 45, karibu mfuko. GP14, ambayo Jack Holt aliichora 1949 na ni boti nzuri sana ya watu wawili wazima, ganda lake ni kilo 133, mifuko miwili na nusu na zaidi, hiyo ni ya mtu mwenye trela na njia ya kushushia, sio ya kwako, ifute leo. Na ujue uzito huo wa kwenye karatasi ni wa plaiwudi nyepesi wanazopata wenzetu, plaiwudi utakayopata wewe inaweza kuwa nzito zaidi, kwa hiyo kila boti iongezee kilo kadhaa kichwani.

Optimist nitaisema kidogo kwa sababu kila mzazi anaanzia hapo. Aliichora Clark Mills mwaka 1947 kule Clearwater, Florida, iwe kiboti rahisi cha kutoka kwenye shiti mbili za plaiwudi, mzazi na mtoto wake waunde gereji, na mpaka leo watoto duniani kote wanajifunzia humo. Urefu kama mita 2 na sentimita 30 na kitu, pua imekatwa kama sanduku. Kwa mtoto wa miaka 9 ni kiatu cha saizi yake. Sasa jiulize dada mtu wa 13 anakaa wapi, baada ya miaka miwili keshaizidi, na wewe ukiingia magoti yatakugonga kidevu. Utakuwa umeunda boti ya kusimama ufukweni ukipiga kelele "vuta kamba! vuta kamba!" na sidhani kama ndicho ulichokuwa unakiona zile jioni.

Mirror ndo ilikuwa karibu kuwa jibu. Ilitokea Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 60, kazi ya huyo huyo Jack Holt na Barry Bucknell, mtangazaji wa TV aliyekuwa anafundisha watu kutengeneza vitu nyumbani, na jina limetokana na gazeti la Daily Mirror lililoidhamini, ndo maana matanga mekundu. Zimeshaundwa zaidi ya 70,000, na watu wengi waliounda walikuwa kama wewe, wa vitanda na meza. Mita 3 na sentimita 30, watu wazima wawili na mtoto wanaenea, mlingoti mfupi ukiulaza unaingia ndani ya boti. Kinachonizuia ni kwamba Mirror ilizoeleka kuuzwa kama seti kamili, vipande vimeshakatwa, wewe unashona na kugandisha, ukitaka kuianza na shiti tupu ukiwa Tanga kazi inaongezeka. Pia ule ushonaji unakula epoksi, ile gundi ya kuchanganya. Kila kona ya ndani inajazwa ujiuji wa epoksi, juu yake utepe wa faiba, juu yake epoksi tena, na epoksi ndo kitu ghali kuliko vyote utakavyonunua, milioni 2 na nusu yako itaanza kukohoa mapema.

Ila kwenye hili la kushona mzee wako kateleza, na umwambie kwa adabu, usiende kumfundisha, mwambie tu "mzee hivi mtepe ulikuwa unaungwa na nini?" halafu unyamaze. Mtepe, chombo cha kale cha pwani yetu, ulishonwa kwa kamba za nazi, mbao kwa mbao, bila msumari, na tanga lake la mkeka, na ulibeba mizigo pwani hii hii kabla babu yake hajashika tezo. Atacheka, ila safari hii mtacheka wote.

Goat Island Skiff. Hapa naomba ukae chini. Najua ni nzuri, hata mi nikiiona moyo unapiga, mita 4 na sentimita 72, nyembamba, nyepesi ajabu kwa urefu wake, tanga moja kubwa la kama mita za mraba 10. Ikikimbia inakimbia kweli. Ila ni boti ya mtu ambaye mwili wake umeshajua upepo, anayehamia upande wa pili kabla hajafikiria. Wewe umekulia bara, mwanao ana miaka 9, na kusi la Julai halina adabu. Iache kwenye skrini ya simu. Ukishakaa majini misimu miwili uniandikie tena, sitakukatalia.

Sasa jibu. Kuna boti inaitwa Oz Goose, aliichora Michael Storer, Mwaustralia yule yule aliyechora hiyo Goat yako, kwa hiyo hujamsaliti mtu. Urefu futi 12, yaani mita 3 na sentimita 66, upana futi 4 kamili, na futi 4 ndo upana wa shiti ya plaiwudi, umeona hapo? Kitako kinatoka kwenye upana wa shiti bila kupoteza, unachofanya ni kuunga shiti kwa urefu. Ni mjukuu wa ile Puddle Duck uliyoiita beseni, amerefushwa tu. Nimekupendekezea hii kwanza kwa sababu ya uzito, ganda lake ni kama kilo 50, mfuko wako ule ule wa saruji. Pili kwa sababu imeshajaribiwa kwenye joto na watu wa hali zetu, Ufilipino wameziunda nyingi kwa plaiwudi na mbao za madukani kwao, vikundi vya familia na marafiki, na wanashindana nazo kwenye ziwa Taal. Ni watu wa visiwani, jua kama letu.

Haishonwi. Kila kona ina mbao ndefu nyembamba, unapaka gundi, unabana kwa skurubu za muda, gundi ikikauka unang'oa skurubu. Mtu aliyetengeneza kitanda kisicholia usiku anaiweza. Mbavuni kushoto na kulia kuna masanduku ya hewa yaliyofungwa kabisa, yanatumika kama viti, na boti ikipinduka yanaishika juu ya maji, unaisimamisha ikiwa na maji kidogo tu ndani badala ya kuanza kuchota na ndoo huku watoto wanalia. Kwa baba wa watoto wawili hiki kitu peke yake kingenitosha kuamua.

Ubaya wake nakwambia mapema ili usishtuke. Ni sanduku. Pua bapa, mbavu zimenyooka, ikikutana na viwimbi vifupi vya kusi inapiga maji pa pa pa na mtarowa. Ukiiweka pembeni ya ngalawa ya mzee itaonekana kama kreti la soda lililopandishwa cheo. Hautapigwa picha ya harusi mbele yake. Wewe kaa humo ndani na uangalie mbele, usiiangalie ukiwa nje.

Bado hujaniamini, sawa. Chukua chaki, chora uani umbo la mita 3.66 kwa 1.22, halafu wewe, mkeo na watoto wote mkae humo ndani ya mstari nusu saa, mnywe chai. Weka fimbo ya fagio katikati mbele iwe mlingoti. Muhame upande huu na huu bila kukanyagana. Kisha chora Optimist pembeni, 2.3 kwa 1.1, mjaribu tena. Chaki ya shilingi mia itakusaidia kuliko video zote ulizoangalia miezi saba, na ninavyojua mimi watoto wakishakaa kwenye chaki hawatoki mpaka wachague viti vyao. Na boti ya wakubwa wanne tupu sio hii, nyie ni wakubwa wawili na watoto wawili siku ya upepo mdogo, upepo ukiongezeka mmoja wenu anabaki mchangani na thermosi.

Geti la mita 1.10 na boti ya 1.22. Mwalimu, mbona kitanda mnakipitisha kwa ubavu? Boti ya kilo 50 unailaza upande inapita na nafasi inabaki. Ila hakikisha upande wa nje wa geti hakuna nguzo ya umeme au mtaro unaokulazimisha kukata kona hapo hapo, manake mita 3.66 ikilala ubavu haikunji shingo. Kapime kwa ubao mrefu wa urefu huo, leo. Na mita 600 usiibebe, tafuta magurudumu mawili ya baiskeli ya mtoto, ekseli ya bomba, mkokoteni mdogo, utauona ule mfuko wa saruji umekuwa mkate.

Plaiwudi ndo pa kuwa mkali. Ukienda dukani ukasema unataka ya baharini watakutolea marini bodi, ile ya kahawia yenye uso wa plastiki unaong'aa, ya kumwagia zege. Jina tu hilo. Gundi yake inaweza kuvumilia maji, ila ndani inaweza kuwa na mashimo ambayo huyaoni, na epoksi wala rangi haishiki kwenye ule uso wa plastiki. Mi nimelipia somo hilo, duka silitaji, muuzaji aliniapia kwa mama yake, na mwezi wa pili kitako kikaanza kufunguka tabaka tabaka kama chapati za kusukuma. Ikiwa utapata iliyogongwa BS 1088, alama ya plaiwudi ya baharini ya kweli, na hela inatosha, shukuru. Ukikosa, nunua shiti moja tu ya ile plaiwudi nzuri ya milimita 6 uliyoiona, kata kipande cha kiganja, kichemshe kwenye sufuria kuukuu saa nzima kama maharage, kikaushe juani, kichemshe tena, kikaushe tena, halafu kipinde kwa mkono na upitishe kisu ubavuni. Kikiachia, rudisha huruma zako nyumbani, tafuta aina nyingine. Kikishika, rudi ukachukue zilizobaki siku hiyo hiyo na ziwe za mzigo ule ule, usisubiri mwisho wa mwezi manake shehena inayofuata inaweza kuwa ya kiwanda kingine. Na uangalie ubavu wa kila shiti kwenye mwanga, ukiona vitundu vya giza kati ya tabaka iache.

Mbao za kona, foromali (ule mti wa juu unaobeba tanga) na mlingoti, usije ukashawishiwa na mninga au mtiki kwa sababu ni mbao za heshima. Ni nzito. Mlingoti mzito kwenye boti nyepesi ni mtu mnene aliyesimama juu ya kiti. Tafuta paini au saipras ya kutoka milima ya Lushoto, iliyokauka, nyuzi zimenyooka, fundo chache, na kwa mlingoti ugandishe vipande viwili au vitatu vyembamba badala ya gogo moja ili mmoja ukitaka kupinda mwingine umkatalie.

Epoksi na joto la Tanga hawapatani. Siku ya kwanza nilichanganya kikombe kizima cha mtindi, saa sita mchana, nikaenda kupokea simu, kurudi kikombe kinafuka moshi, kimelainika kimelala upande na gundi ndani imekuwa jiwe la moto, hela yote ile. Changanya kidogo kidogo, uimwage kwenye chombo kipana kama sahani isijilundike, fanya kazi alfajiri au kivulini, na kipimo cha mchanganyiko ufuate kopo kama unavyofuata dozi ya dawa, hapa hakuna cha jicho la fundi. Vaa glavu kila siku hata ukiona hakuna kinachokuwasha, ikishaanza kuwasha ngozi haisahau. Na ukienda kununua, epoksi na plaiwudi uvinunue kwanza kabla ya kitu kingine, ukiona havijabakiza angalau robo ya bajeti simama upange upya, bado kuna rangi, kamba, tanga na mambo mengine hayo madogo madogo yanayokula hela kimya kimya.

Tanga lenyewe ni hadithi tamu. Oz Goose ina tanga moja la pembe nne, foromali juu na mti mwingine chini, na kipande kidogo cha tanga kinatangulia mbele ya mlingoti. Uzuri wake, kwenye ngalawa ukitaka kugeuza upande lazima mtu aende mbele ahamishe foromali na tanga lote kulizungusha mlingoti, kazi ya watu wanaojuana. Hili halihami, ukigeuza boti linajipitia lenyewe, wewe inamisha kichwa tu. Ukubwa wake ni kama mita za mraba 8, kwa hiyo fundi atakayeshona mwambie aweke mstari wa vikamba vya kulikunjia, na siku ya upepo ulikunje kabla hujatoka, usingoje uwe katikati. La kwanza lishone kwa turubai la plastiki, watu wa viboti hivi wanafanya sana, halidumu ila utajifunza umbo unalolitaka, la pili ndo ulipie kitambaa cha kweli.

Ubao wa kuzuia boti isiteleze upande unakaa nje ubavuni na unapanda na kushuka, nao kwa pale kwenu ni baraka, bamvua linapokupwa bahari yenu inarudi nyuma mpaka unajiuliza imeenda wapi, maji yanashuka zaidi ya mita 3, na ubao uliojichimbia katikati ya kitako ndo wa kwanza kugonga mwamba.

Mzee sasa. Usimpotezee hata kidogo, ila usinunue ngalawa yake. Ngalawa kwa upepo wa huku ni chombo kisichokuwa na mpinzani, zile ndubi mbili, vielea vya pembeni, zinaisimamisha pale ambapo sanduku lako litakuwa limelala, ila ganda ni gogo la mwembe, hutaliburuta mita 600, litalala ufukweni na litataka kuangaliwa kila siku na mtu anayeishi pale. Unachotaka kwake ni kitu kingine. Mlipe, heshima kwa heshima, akutoe kwenye ngalawa yake kila wiki huku boti yako inaundwa, na umuulize anaona nini kwenye maji kabla upepo haujafika, manake anaona, mimi nimekaa na hao wazee, anaanza kulegeza kamba ya tanga sekunde tatu kabla mimi sijahisi kitu shavuni, na hakuna ramani yenye ukurasa huo. Halafu mpelekee mti wa foromali umwombe aupige randa. Mkono wake ukishapita kwenye boti yako hataiita kanzu tena, atakuwa anawaambia wenzake "ile yetu".

Na mama watoto. Hajakataa boti mwalimu, amekataa ua kuzibwa. Mpe jibu lenye sentimita. Oz Goose ikisimamishwa kwa ubavu ukutani inachukua kama nusu mita ya uani, ikifunikwa turubai, kamba za nguo zinabaki, kuku wanabaki. Mwachie yeye achague ukuta, na siku ya chaki akae kiti cha nyuma ashike usukani. Mara nyingi anayeshika usukani ndo anakuwa wa kwanza kuuliza Jumamosi tunaenda saa ngapi.

Kushusha majini, usishushe kwenye kusi kamili hata kama imeisha Julai na mikono inawasha. Subiri tangambili, Oktoba kwenda Novemba, kusi imechoka na kaskazi haijaingia. Nenda maji yakiwa yanajaa, saa nne hivi upepo wa bahari unapoanza kuamka taratibu, ukikosea lolote upepo na maji vyote vinakurudisha mchangani. Asubuhi sana kuna umande, upepo unaosukuma kutoka nchi kavu kwenda baharini, wavuvi wanautumia kutokea manake wanajua watakavyorudi, wewe bado. Siku ya kwanza ipindueni makusudi, maji ya kifuani, kila mtu na laifujaketi lake limefungwa, muisimamishe mara tatu, mwanao wa 9 naye ashike, ili siku itakayopinduka yenyewe awe anacheka. Na kabla ya hapo pita ofisi ya TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, uulize masharti ya vyombo vidogo, ni rahisi kuuliza ukiwa na mchoro mkononi kuliko ukiwa umeshikwa na boti.

Kwa hiyo Jumamosi hii saruji na chaki. Jumamosi ijayo sufuria la plaiwudi. Ya tatu nataka unitumie picha ya ubao uliokatwa, hata kama umekata vibaya.

Zile ramani zako zilizobaki usizifute, najua huwezi. Ziweke kwenye flashi, umpe mkeo aifiche, na usimuulize iko wapi mpaka boti iwe imelowa.